Ikilia ‘krriiing’ mtaa mzima unakimbia! Simu za kuzungusha bado zipo Moro

Hebu toa simu yako mfukoni sasa hivi. Itazame ile alama ya kijani unayobonyeza ukitaka kumpigia mtu. Umeiona? Imepinda kama ndizi, halafu ncha zake mbili zimevimba. Simu yako wewe haina umbo hilo hata kidogo, ni bapa kama kigae cha bafuni. Basi hicho kidude kilichochorwa hapo ni mkonga, tena mkonga wa ile simu nyeusi ya mezani ambayo mimi na wewe, msomaji, tumeikuta kwenye filamu za kizamani na kwenye stoo za wazee wetu. Kila siku unaigusa bila kuijua!

Mimi ni mtoto wa Morogoro, mji kasoro bahari, na kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikizifukuzia simu hizo mtaa kwa mtaa. Nimezunguka Kilakala, Mji Mpya, Kihonda, nikapanda hadi Bigwa kule barabara inakoanza kuikaribia milima ya Uluguru. Washikaji kijiweni wameshanibatiza jina, wananiita Posta. Sikasiriki. Kwa taarifa yao, simu hizi zimerudi kwenye chati ile mbaya. Wenye saluni wanazitaka ziwekwe mapokezi, wapiga picha za harusi wanazitaka bibi harusi aushike mkonga huku akitabasamu, na wenye baa wanazipachika ukutani karibu na picha za wanamuziki wa zamani.

Tatizo ni moja. Nyingi zinazouzwa ni maiti. Ukiigeuza unakuta tundu pale palipokuwa na kisahani cha namba, au ukiitikisa huko ndani kimya, kengele imeshang'olewa. Na simu ya aina ile ikikosa kisahani na kengele, nakwambia, hiyo si simu tena, ni jiwe la kuzuia mlango.

KISAHANI HAKIFANYI KAZI UNAVYODHANI

Mtu aliyenifumbua macho ni mzee mmoja wa Bigwa. Ameomba nisimtaje jina kwa sababu, kwa maneno yake, hataki foleni mlangoni. Alikuwa fundi wa simu tangu enzi za Shirika la Posta na Simu, lile lililogawanywa mwaka 1994 ndipo tukapata TTCL. Kabla yake, hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, simu za Kenya, Uganda na Tanzania zote zilikuwa chini ya shirika moja. Mzee ana sanduku la bati lililojaa visahani, springi na koili, na ana mkono usiotetemeka japo umri umekwenda.

Nilimwamkia, nikakaa kwenye kigoda, akaniwekea simu magotini.

"Piga tatu," akasema.

Nikaingiza kidole kwenye tundu la 3, nikavuta hadi kwenye kile kijino cha chuma kinachozuia, nikaachia. Kisahani kikarudi kikikoroma kama paka aliyeshiba.

"Namba imekwenda saa ngapi? Ulipovuta au ulipoachia?"

Nikajibu nilipovuta. Wewe ungejibu nini? Mzee akacheka mpaka akakohoa.

Basi bwana, iko hivi. Ukivuta kisahani unakuwa unajaza springi tu, kama unavyotia saa ufunguo. Namba inaondoka wakati kinarudi chenyewe. Ndani yake kuna swichi ndogo, vibati viwili vinavyogusana. Kisahani kikirudi, hivyo vibati vinaachana na kugusana tena, na kila vinapoachana umeme wa laini unakatika kidogo. Ukipiga 3 umeme unakatika mara tatu: ta-ta-ta. Ukipiga 8, mara nane. Ukipiga 0 usidhani ni bure. Sifuri ni kumi, inakata mara kumi! Kule kwenye mtambo wa simu mjini mashine zinahesabu mikato hiyo, moja baada ya nyingine, mpaka zinampata unayemtaka.

Mikato hiyo inatakiwa iende kwa mwendo wa 10 kila sekunde. Ikizidi sana au ikipungua sana, mtambo unachanganyikiwa na wewe unaangukia kwa mtu mwingine kabisa. Kwa hiyo ndani kuna gavana, kama ile ya kwenye injini. Ni vizito viwili vidogo vinavyozunguka. Kisahani kikitaka kukimbia, vizito vinatanuka na kusugua ukuta wa kikombe chake, mwendo unapungua. Hakuna betri wala saketi ndani ya gavana, ni msuguano peke yake. Lile koromo unalolisikia, msomaji, ndilo gavana likiwa kazini.

Ndiyo maana mzee huwa mkali akiona mtu anakisukuma kisahani kwa kidole kirudi haraka. Ukifanya hivyo unaharibu mwendo, na hapo ndipo zilipozaliwa zile "samahani, nimekosea namba" nyingi za zamani. Wazazi wetu walikuwa na haraka kama sisi, tusidanganyane.

Namba za Moro za wakati huo zilikuwa fupi, tarakimu nne tu. Ukiwa mkoa mwingine ulitanguliza 056. Hesabu mikato: kumi, tano, sita, jumla 21 kabla hata hujaingia mjini. Siku hizi namba ya mkoa ni 023, mikato 15. Tumepunguziwa mikato sita wakati hakuna tena anayezungusha! Na namba ya simu ya mkononi inayoanza na 07 ingekula mikato 17 kabla hujafika tarakimu ya tatu, na bado nane zinakungoja. Nadhani mapenzi ya wakati ule yalikuwa na uvumilivu kuliko ya kwetu.

Wamarekani walilijua hilo mapema. Mwaka 1947 walipogawa namba za miji, mji mkubwa New York ukapewa 212, mikato mitano tu, kwa sababu ndiko kulikokuwa na watu wengi wa kupigiwa. Waingereza nao, walipoanzisha namba ya dharura London mwaka 1937, walichagua 999. Kwa nini si 111 iliyo nyepesi? Kwa sababu nyaya za juu zikipigwa na upepo na kugusana zinaweza zenyewe kutoa mkato mmoja mmoja, na polisi wangekimbizwa na upepo. Mzee aliposikia hilo alitikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa jina la rafiki yake. Alikuwa akipanda nguzo huku, na anasema masika ikishika na mawingu ya Uluguru yakishuka mpaka kwenye migomba, laini zilikuwa zinakaanga masikioni kama mihogo.

MUUZA MAJENEZA NA OPERETA

Aliyeanzisha mtambo wa simu unaojiunganisha wenyewe hakuwa fundi wa umeme. Alikuwa mtu wa mazishi! Almon Strowger, Mmarekani wa Kansas City. Inasimuliwa kuwa mjini kwake kulikuwa na mshindani wake katika biashara hiyo hiyo, na mke wa huyo mshindani ndiye aliyekuwa opereta wa simu. Mtu akifiwa akimwomba opereta amuunganishe na Strowger, mama anamuunganisha na mumewe. Wateja wote wa msiba wakahamia upande wa pili. Strowger akaona hapa dawa ni kumwondoa opereta kabisa. Mwaka 1891 akapewa hataza ya mtambo wake, na mwaka uliofuata ukafungwa mji wa La Porte, jimbo la Indiana. Mwanzoni watu walibonyeza vitufe, kisahani kikaja miaka michache baadaye, karibu na 1896.

Kwa hiyo kila ukikiona kisahani, kumbuka wivu wa biashara ya majeneza. Mimi habari hii naipenda kupita kiasi, nimeshamsimulia kila dereva wa bodaboda wa Msamvu.

KUFULI LA BOSI

Sasa njoo kwenye usanii. Simu ilikuwa ghali na adimu. Katikati ya miaka ya 1990 nchi nzima ilikuwa na kama laini 3 kwa kila watu 1,000, hebu fikiria. Mtaa mzima simu moja, kiwanda kizima simu mbili tatu. Kibosile mwenye simu ofisini aliilinda kama mke. Kulikuwa na vifuli vidogo maalumu vya simu, kama kidole gumba, unakipachika kwenye tundu la 1 la kisahani. Ukijaribu kuzungusha, kufuli linagonga kile kijino cha chuma na safari inaishia hapo. Bosi anaondoka na ufunguo, anakwenda zake nyumbani kwa amani.

Rafiki wa yule mzee, aliyekuwa tarishi katika shirika moja la umma hapa mjini, alinisimulia huku akiangalia pembeni kana kwamba bosi bado yupo. Wajanja walikuwa wameshang'amua kuwa kisahani kazi yake ni kukata umeme tu. Na ukiweka mkonga chini si umeme unakatika pia? Kile kitufe kinachobanwa na mkonga nacho ni swichi! Basi wanauinua mkonga, wanaanza kukigonga kile kitufe kwa kidole. Unataka 4, unagonga mara nne haraka. Unasubiri kidogo. Unataka 2, unagonga mara mbili. Kufuli lipo pale pale, limefungwa vizuri kabisa, na jamaa anaongea na mchumba wake Dodoma.

"Tatu na nne ni rahisi," aliniambia. "Kazi ipo kwenye tisa na sifuri. Mkono ukichoka katikati, umepotea."

Bili ilipokuja bosi alikagua kufuli, akakagua ufunguo, akamshuku mkewe. Hakuna aliyesema kitu. Siwafundishi wizi jamani, mitambo ya leo mingi haihesabu tena mikato hiyo, na simu za kufuli hakuna. Lakini niambie ukweli: kati ya huyo tarishi na sisi tunaoomba nywila ya intaneti ya jirani, nani alikuwa na kichwa?

KENGELE ILIYOKUWA MBEA

Tukigeukia kengele, ndiko kwenye moyo wa simu. Simu za kwanza kabisa hazikuwa nayo. Ulikuwa unapaza sauti au unagonga kwenye chombo na kuomba Mungu aliye upande wa pili awe karibu. Thomas Watson, yule msaidizi wa Alexander Graham Bell, ndiye aliyetengeneza mwaka 1878 kengele ya aina ambayo ilidumu karibu miaka mia moja bila kubadilika sana.

Ukifungua simu utaona vikombe viwili vimeinamishwa, vingi vya shaba kwenye simu za zamani, na katikati yake kirungu kidogo. Chini ya kirungu kuna koili mbili na sumaku. Unapopigiwa, mtambo unaleta kwenye laini umeme wa kubadilika mwelekeo, kama volti 75 hivi, ambao ni mkubwa kuliko ule wa kuongelea. Umeme ukienda huku, koili zinakivuta kirungu kikombe cha kushoto. Ukigeuka, kinavutwa cha kulia. Unageuka mara 17 hadi 25 kwa sekunde, kwa hiyo kirungu kinagonga mara mbili ya hapo. Vikombe viwili havitoi sauti moja, kimoja kiko juu kidogo ya mwenzake, ndiyo maana ile krriiing ina utamu ambao mlio wa kompyuta unaigiza bila kuufikia. Kapasita inazuia umeme wa kawaida usipite kwenye kengele, unapita ule wa kuita peke yake.

Tahadhari: usiishike ile waya wakati simu inaita. Mzee anasema alijifunza hilo juu ya nguzo, na hakueleza zaidi.

Raha nyingine ni ya nyumba zenye simu mbili kwenye laini moja, moja sebuleni na moja chumbani kwa wazee. Kijana akijifungia sebuleni usiku wa manane akaanza kuzungusha namba, ile mikato ya kisahani inaifikia kengele ya chumbani, inalia kidogo kidogo: ting… ting-ting… ting. Baba amelala anasikia kila tarakimu! Wengine walikuwa na masikio makali, walihesabu ting mpaka wanajua binti anampigia nani. Umbea wa kengele ulivunja mapenzi mengi, nasikia. Mafundi walikuwa na namna ya kuunganisha nyaya ili kuinyamazisha, na mzee amekiri kwamba akina dada walimbembeleza mara nyingi afanye hivyo.

KITAMBAA CHA KILAKALA

Simu iliyonifanya nianze haya yote ni ya mama yangu mkubwa, Kilakala. Marehemu mumewe alikuwa na cheo kidogo katika kiwanda kimoja, enzi ambazo Moro ilikuwa na viwanda vya viatu, magunia, turubai, ngozi, na kila asubuhi barabara zinajaa wafanyakazi. Simu ililetwa nyumbani kwa ajili ya kazi. Ikawekwa kwenye stuli pembeni ya kochi, juu yake kitambaa cha kufuma, na haikuchukua wiki ikawa ya mtaa. Mtu wa Iringa akitaka kuongea na mdogo wake Kilakala, anapiga kwa Mama Mkubwa. "Nipigie baada ya dakika kumi," anajibu, kisha anavuta kanga yake na kutoka kwenda kuita.

Mwaka jana alitaka kuiuza kwa vijana wa skrepa. Nikamsihi anipe niitengeneze.

"Kisahani kitengeneze," akasema. "Kengele iache."

Sikuelewa. Nikaipeleka Bigwa ikiwa imefungwa kwenye mkeka. Mzee alipoifungua, katikati ya vikombe viwili tulikuta kipande cha kanga kimesokomezwa, kimekuwa rangi ya kahawia, kimekizunguka kirungu mara tatu. Hakikuwa kimeingia kwa bahati mbaya. Mtu alikuwa amefungua skrubu nne, akakitia, akafunga.

Nikarudi kuuliza. Mama Mkubwa alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria, karibu na Mwanza, mamia ya watu wakafa. Mimi sijazaliwa. Kilakala walikuwapo majirani wa Kihaya, mwanamume akifundisha, na mdogo wake alikuwa safarini. Redio ilisema meli imezama, haikusema nani. Tangu siku hiyo watu walikuja kukaa sebuleni kwa Mama Mkubwa, kwenye kochi, kwenye mkeka, hadi barazani, wanaitazama simu. Ikilia wote wanasimama. Nyingine ilikuwa ya kazini, nyingine imekosea namba. Usiku wa siku ya pili majirani wakaenda kulala, ndipo ikalia yenyewe. Mtu wa Mwanza akasema maneno machache, akakata.

"Sasa nikaketi," Mama Mkubwa akaniambia. "Ni saa nane za usiku. Wamelala. Nikasema niwaache walale mpaka alfajiri? Nani kanipa mimi kujua kabla yao?"

Alikwenda kubisha hodi usiku ule ule. Anasema hajui miguu yake ilipitaje pale uani. Baada ya arobaini ndipo akachukua bisibisi ya mumewe.

Lakini simu haikufa. Baada ya hapo, anasema, aliitambua kwa ule mtikisiko, kirungu kikijipiga kwenye kitambaa, brrr, kama nzi kwenye chupa. Aliyekuwa karibu alisikia. Aliyekuwa mbali hakusikia, na hakuna tena aliyesimama. Miaka ya 2000 simu za mkononi zikaenea, kila mtu akaanza kupokea misiba yake mwenyewe kiganjani, na laini ya Mama Mkubwa ikakatwa.

Nilimuuliza kama naweza kukitoa kile kitambaa. Alinyamaza sana. Kisha akasema tukiijaribu, tuijaribu nyumbani kwake, si Bigwa, na iwe siku ya yeye kwenda sokoni.

Basi Jumamosi moja mzee akashuka na sanduku lake. Kwa kuwa laini haipo, alikuja na kijenereta cha kukoroga kwa mkono, kilichotolewa kwenye simu ya kale zaidi, zile za stesheni ambazo mtu alikoroga mkono ili kengele ya upande wa pili ilie. Akaunganisha nyaya mbili, akavuta kitambaa kwa koleo taratibu kana kwamba anatoa mwiba, akanipa mkono wa kukorogea.

Nikakoroga. Jamani! Sebule nzima ilijaa. Vioo vya kabati vilitetemeka. Nilikuwa sijawahi kuisikia kitu halisi, nilizoea milio ya kuigiza kwenye simu yangu. Na kabla sijakoroga mara ya tatu, kutoka ng'ambo ya ua sauti ya bibi mmoja, mzee kabisa, ikapaza:

"Mama eee! Simu inaita huko kwako!"

Mzee wa Bigwa aliweka koleo chini. Tukatazamana. Yule bibi alikuwa hajasikia kengele ile miaka zaidi ya ishirini, na mdomo wake ulijibu kabla kichwa hakijauliza.

Mama Mkubwa aliporudi tulimweleza. Akauliza ni bibi yupi, tukamwambia, akacheka kidogo kwa mara ya kwanza. Halafu akatoa hukumu yake. Alitaka ilie, ila isilie vile. Mzee akalegeza skrubu ya kikombe kimoja. Tundu la kikombe haliko katikati kabisa, limewekwa upande makusudi, kwa hiyo ukikizungusha kinasogea karibu na kirungu au mbali nacho. Akakisogeza mbali mpaka kirungu hakikifikii. Sasa inalia upande mmoja, sauti ya chini, tin-tin-tin, kama mtu anagonga glasi kwa kijiko. Mama Mkubwa akasema hiyo inatosha. Kipande cha kanga akakichukua mwenyewe, sijui alikiweka wapi.

WENYE MIZANI WANAKUJA

Nakusimulia hayo kwa sababu kila wiki simu kama ile zinapita kwenye mizani ya skrepa hapa mjini. Vijana wanajua shaba inalipa kuliko chuma, kwa hiyo wanavunja, wanatoa vikombe na koili, ganda wanalitupa au wanaliuza kwa mwenye baa. Siwalaumu sana, njaa haina makumbusho. Ninaowashangaa ni wanaonunua ganda kwa bei ya simu nzima! Nimeona ganda tupu likitajwa shilingi 80,000, wakati simu nzima iliyo hai nilipewa kwa 40,000 na mzee aliyetaka iende kwa mtu wa kuijali.

Ukitaka kununua, anza kwa kuitikisa polepole. Ikiwa na kengele utasikia vikombe vikilia kidogo kwa ndani. Ukiruhusiwa kuifungua, gusisha sumaku kwenye vikombe: ya shaba haishiki. Kisha vuta 0 hadi mwisho, achia, usikiguse. Kikirudi kwa sekunde moja na kidogo, koromo lake likiwa la mfululizo, gavana ni zima. Kikisitasita katikati au kikikwama kwenye 7, kina mafuta yaliyoganda, na hilo linatibika. Kikirudi kwa kishindo kimoja bila koromo, gavana limekufa, punguza bei. Zile nyeusi nzito kama tofali ni za bakelaiti, plastiki ya mwanzo aliyoivumbua Leo Baekeland mwaka 1907. Haiyeyuki kwa jua lakini ikianguka inapasuka kama chungu, kwa hiyo pitisha ukucha kutafuta nyufa.

Mafuta ni ya cherehani, tone moja kwenye ekseli, na kamwe si kwenye kile kikombe ambamo vizito vya gavana vinasugua. Ukipaka huko umekata breki. Nimeona mtu ametia mafuta ya kupikia! Mzee aliifungua simu ile, akanusa, akamuuliza mwenyewe kama anataka kuipigia au kuikaanga.

Je, utapiga nayo? Inategemea. Kama nyumbani kwenu bado kuna laini ya waya, kaulize kwanza kama mtambo unakubali mikato ya kisahani. Kengele ina nafasi kubwa zaidi ya kulia kuliko kisahani kupiga. Siku hizi nyumba nyingi zinafungiwa faiba, na vile viboksi vyake vingine vinatoa umeme wa kuiita simu ya zamani ila havijui kuhesabu mikato. Utapigiwa, hutapiga. Kwa wengine wetu wasio na vocha, mbona ndivyo tunavyoishi?

Mzee wa Bigwa anapokea simu Jumamosi asubuhi tu, mchana yuko shambani kwenye migomba yake huko mlimani. Ameniruhusu kuja na vijana wawili wa kujifunza, nafasi moja imeshapata mtu, binti wa Mji Mpya anayetengeneza redio. Iliyobaki ipo. Anayekuja aje na bisibisi yake mwenyewe, na kama ana simu, asiilete imeshafunguliwa na skrubu zikiwa kwenye mfuko wa rambo. Hilo mzee hulichukia kuliko yale mafuta ya kupikia.